Kung'oa Tusichokijua

Chalinze ni njia panda. Barabara inayotoka Dar es Salaam hugawanyika hapo: moja ikashika Morogoro, nyingine ikapinda kaskazini kupitia Msoga, Lugoba na Msata hadi Segera na Tanga. Malori ya nafaka, mabasi, ng'ombe wa biashara, samadi na mchanga wa kujengea hupita hapo usiku na mchana, na pamoja navyo hupita mbegu ambazo hakuna aliyezipakia. Ndiyo maana mvua za vuli zikianza, bustani za nyuma ya nyumba kuanzia Bwilingu hadi Kiwangwa huota vitu ambavyo mwenye nyumba hakuvipanda wala hajapata kuviona. Katikati ya bamia na mchicha huchomoza mche mgeni, na mwenye bustani amesimama na jembe mkononi. Wengi watasema hilo ni jambo la dakika moja: piga jembe, songa mbele. Lakini ndani yake kuna swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi, yaani kama kutokujua kwetu kunatupa ruhusa yoyote. Nadai kwamba hakutupi. Mtu asiyeujua mmea hana ruhusa ya kuung'oa kwa sababu tu haujui, wala hana ruhusa ya kuuacha kwa sababu hiyohiyo. Anachopata kutokana na kutokujua ni wajibu wa kuuliza, na wajibu huo una siku yake ya mwisho.

Tuanze na dini, kwa kuwa mwambao huu umelea mbili kubwa kwa ujirani tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipojenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, katika mji wa Waislamu. Katika Kurani, sura ya al-Baqara, Mungu anamfundisha Adamu majina ya vitu vyote, kisha anawataka malaika wayataje. Malaika wanakiri kwamba hawana elimu ila ile waliyofundishwa. Hawakukisia, na hawakubuni majina ili wasiaibike. Adamu naye hakuyatunga, aliyapokea. Heshima ya binadamu katika kisa hicho ni kwamba anaweza kufundishwa. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwa namna nyingine: Adamu mwenyewe ndiye anayewapa majina wanyama na ndege walioletwa mbele yake. Waliosoma hapo mamlaka ya binadamu juu ya kila kiumbe husahau jambo moja, kwamba mimea haimo katika orodha hiyo. Mimea ilikwisha tajwa katika sura ya kwanza, na pale majani mabichi yanatolewa kuwa chakula cha wanyama na ndege pia. Kwa hiyo katika masimulizi yote mawili hakuna mahali ambapo mtu anapewa mmea ili auhukumu kwa jina atakalojisikia kulitamka. Katika lile la kwanza jina linatoka kwa mwalimu. Katika lile la pili mmea wenyewe una wadai wengine.

Kuna aya nyingine, katika sura ya Al Imran, inayowataja watu wenye akili wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kukiri kwamba Mungu hakuviumba bure. Wahubiri huitumia aya hiyo mara nyingi kuthibitisha kwamba kila mmea ni dawa ya kitu fulani, tatizo ni kwamba hatujaigundua. Imani hiyo ni nzuri, lakini imeruka daraja. Kutoumbwa bure si sawa na kuumbwa kwa faida yangu. Mmea unaweza kuwa na kazi yake kwa nyuki, kwa udongo au kwa mbuzi wa jirani, na wakati huohuo ukawa hasara tupu katika tuta langu la mahindi. Anayeilinda mimea kwa hoja ya faida peke yake atalazimika kuitelekeza siku atakapokutana na usio na faida kwake. Wajibu wa kuuliza lazima usimame juu ya msingi mwingine, na msingi huo ni haki: anayeamua kitu kiishi au kife amekalia kiti cha kadhi, na kadhi hahukumu bila ushahidi.

Ushahidi wa mmea ni upi? Watu wengi hudhani ni jina, kwamba mtu akikutajia jina kazi imekwisha. Lakini jina peke yake halijasema neno. Chukua mchunga, ambao bustani nyingi za Pwani haziukosi. Ukiwa mchanga ni majani marefu yaliyolala karibu na ardhi, kingo zake zimechanikachanika, rangi yake kijani kilichopauka. Ukivunja jani, utomvu mweupe kama maziwa hutoka papo hapo na kunata vidoleni, na ukiugusisha ulimi ni mchungu kweli. Baadaye hutoa maua madogo ya manjano, kisha mbegu zenye manyoya meupe zinazoruka na upepo. Ukiuvuta kwa nguvu hukatika kidogo chini ya udongo, na mzizi mweupe unaotambaa ukabaki ukiandaa machipukizi mengine. Mkulima wa mahindi anaujua mchunga kama adui anayerudi kila baada ya palizi. Mpishi anaujua kama mboga: huuchemsha, humwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha huutia nazi au karanga. Mtaalamu wa mimea anaujua kwa ukoo wake, kwamba ni jamaa wa alizeti. Hakuna kati yao anayesema uongo, na hakuna mwenye habari nzima. Kuutambua mmea ni kujua unafanya nini, unaenea vipi, na ni ndugu wa nani. Jina ni mlango tu wa kuwafikia wanaojua hayo.

Historia ya Bagamoyo yenyewe inaonyesha kwamba elimu ya namna hii haipatikani kwa mtu mmoja. Padre Charles Sacleux, Mfaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, alifika mwambao huu mwaka 1879 na kuishi kati ya Zanzibar na Bagamoyo hadi 1898. Alikausha mimea na kuipeleka Paris. Na katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa 1939, aliandika majina ya mimea ya Kiswahili na kuyaoanisha na ya kisayansi. Leo jenasi nzima inaitwa Sacleuxia. Lakini Sacleux hakuzaliwa na jina hata moja la Kiswahili. Kila jina lililomo katika kamusi ile lilitoka kinywani mwa mvuvi, mkulima, mganga au mwanafunzi wa misheni aliyeulizwa akajibu. Wao walikuwa na matumizi na tabia ya mmea, yeye alikuwa na njia ya kuulinganisha na mimea ya nchi nyingine. Vivyo hivyo kitabu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichoanza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952, kilimalizika mwaka 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Ikiwa mabingwa walihitaji miaka 60 na mamia ya mashahidi, mtu mmoja mwenye jembe hana haki ya kujiona kadhi asiyehitaji shahidi.

Sasa tutazame hukumu inapokosewa, maana makosa hapa ni ya aina mbili, na watu huogopa moja tu. La kwanza ni kumhukumu asiye na hatia. Upupu unatosha kuwa mfano. Hakuna mtoto wa Pwani asiyejua mwasho wa manyoya ya maganda yake, na kila anayeuona huufyeka. Hata hivyo mbegu zake zina levodopa, kemikali ileile inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, na aina zake zisizowasha hupandwa kufunika udongo na kuurutubisha. La pili ni kumwachia mwenye hatia. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu watano walifariki na karibu 300 wakaugua baada ya kula unga wa msaada. Uchunguzi uligundua sumu za jamii ya atropini, zile zinazopatikana katika mnanaha, gugu lenye maua meupe ya umbo la tarumbeta na tunda la miba, ambalo mbegu zake huweza kuvunwa pamoja na soya. Gugu lililoachwa likazaa shambani linaweza kuua watu mbali kabisa na shamba. Hata mwarobaini, mti uliotoka Asia ya Kusini ukapokewa pwani kama mwenyeji kwa sababu ya dawa yake, umeingia katika uoto wa asili wa Hifadhi ya Saadani na kuwa tatizo la wahifadhi. Kule Baringo, Kenya, mti wa mathenge uliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni. Baadaye wananchi walikwenda mahakamani kuulalamikia, na wakamchukua mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake awe kielelezo. Mathenge haukung'olewa bila kujulikana. Ulikaribishwa bila kujulikana vya kutosha.

Anayependa kusubiri atanijibu kwa mfano wa Yesu katika Injili ya Mathayo, sura ya 13. Adui amepanda magugu katikati ya ngano, watumishi wanataka kuyang'oa, na mwenye shamba anawakataza hadi mavuno. Wengi huuchukua mfano huo kuwa amri ya uvumilivu usio na mwisho. Nadhani sababu aliyoitoa mwenye shamba ni ya ushahidi. Wafasiri wengi wanakubali kwamba gugu lililokusudiwa ni lile la nchi za Mashariki ya Kati linalofanana na ngano tangu kuota hadi masuke yanapotoka, na mizizi yake husokotana nayo. Kabla ya masuke, mtumishi angeng'oa ngano akidhani ni gugu. Baada ya masuke, kila kimoja kimejitaja chenyewe. Mwenye shamba hakusema magugu yana haki ya kubaki, kwa kuwa mwisho wake yanafungwa matita na kuchomwa. Alisema muda wa kuhukumu haujafika kwa sababu ushahidi haujakamilika. Subira hapo ni chombo cha haki, na ina siku yake ya kwisha.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoingia. Je, ikiwa adui hadhihiriki hadi ameshamaliza kazi? Kiduha, ambacho wengine hukiita gugu chawi, ni adui wa namna hiyo. Mbegu zake ni laini kama vumbi, mmea mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, na huweza kulala udongoni miaka mingi. Huamshwa na kemikali zinazotoka katika mizizi ya mahindi au mtama, kisha mbegu hujishika kwenye mzizi huo na kuanza kunyonya chini kwa chini. Kijimche chenye maua mekundu kinapochomoza, sehemu kubwa ya hasara imeshatokea. Kusubiri mavuno hapa ni kujaza shamba mbegu za miaka ijayo, na wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninalikubali pingamizi hili lote, lakini naona linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Kiduha kinapaswa kung'olewa kabla hakijatoa maua, na anayejua hilo ni yule aliyekitambua. Asiyekitambua huona mahindi yake yamedumaa na kunyauka ilhali udongo una unyevu, majani yamekuwa ya manjano bila ukame wala mdudu, na katika hali hiyo ni rahisi sana macho yakageukia kwa jirani, kwa mke mwenza au kwa bibi kizee wa nyumba ya tatu. Mmea usiotambuliwa unaweza kumfanya binadamu asiye na kosa ashukiwe uchawi. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kuuliza inapimwa kwa tabia ya mmea, na kanuni inayofaa bustani nyingi ni hii: uliza upesi, na kwa vyovyote usiuache mmea usioujua ufike kwenye mbegu. Ua linapotoka ndilo linalosema zaidi kuhusu ukoo wake, na tangu ua hadi mbegu kuna nafasi ya kuamua.

Pingamizi la pili ni la tumbo. Mkulima wa Mbwewe au Miono hana muda wa kukaa kitako na falsafa. Mvua za vuli haziaminiki, palizi ikichelewa wiki moja mahindi yanazidiwa, na mwenye njaa hana miiko. Mtu akimwambia achunguze kila kijimche kabla ya kupiga jembe, amemletea anasa ya watu wenye mshahara. Jibu la kwanza ni kwamba mkulima huyo tayari anaitambua mimea mingi kuliko msomi anayemhurumia, na wajibu ninaouzungumzia unamhusu ule mmoja au miwili asiyoijua. Hiyo inaweza kuachwa mche mmoja kwenye kona ya shamba, ukaangaliwa na kuulizwa kwa wazee au kwa bwana shamba, huku palizi ikiendelea kwingine. Jibu la pili ni zito zaidi: hata kung'oa kwenyewe kunahitaji kujua. Anayekatakata ndago kwa jembe huvitawanya vitunguu vyake vya chini, na kila kimoja huota. Anayevuta mchunga huacha mzizi uliochochewa. Anayeng'oa kwa mikono mitupu gugu karoti, lile lenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe, anaweza kupata upele na kubanwa na kifua. Na anayekusanya kiduha kilichokwisha komaa na kukitupa njiani amepanda shamba la mwenzake. Jembe lisilojua huongeza kazi ya msimu ujao, na anayelipa ni huyohuyo asiye na muda.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mwanafalsafa. Haki ni ya wanaoweza kuumia. Mmea hauna machungu tunayoyafahamu, haudai wala haulalamiki, basi kuuzungumzia kama mshitakiwa ni kuchezea maneno. Sina haja ya kudai kwamba mmea unahisi. Immanuel Kant alifundisha kwamba hatuna wajibu kwa wanyama wenyewe, ila mtu anayewatesa hujizoeza ukatili dhidi ya watu. Hoja kama hiyo inaweza kutumika hapa, lakini inatosha nusu tu, kwa sababu inaiacha bustani kuwa uwanja wa kunyoosha tabia zetu. Nusu nyingine ni amana. Mafundisho ya Kiislamu humwita binadamu khalifa wa ardhi, na Wakristo huzungumzia uwakili, na pande zote mbili humaanisha kwamba kilichomo mkononi mwa mtu ni mali ya mwingine. Katika hadithi mashuhuri, Mtume Muhammad anaeleza kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala kutoka kwake, mpandaji huandikiwa sadaka. Hata kilichopandwa kwa jasho lako kina walaji usiowachagua, na kula kwao kunahesabiwa. Itakuwaje basi kwa kile ambacho hukukipanda? Msimamizi wa mali ya watu haruhusiwi kutupa kifurushi asichojua kina nini, wala kukifungulia nyumba nzima. Kifurushi hakiumii, lakini wenye mali wapo.

Liko pingamizi la mwisho, la zama hizi. Siku hizi mtu hupiga picha kwa simu, na programu humpa jina kwa sekunde chache. Kuna haja gani ya kuuliza wazee na kusubiri maua? Programu hizo ni msaada wa kweli, na anayezidharau anajinyima shahidi. Lakini ni shahidi mmoja. Hujibu kwa kulinganisha picha yako na picha zilizokwisha kukusanywa, na mimea ya Ulaya na Marekani imepigwa picha nyingi mno kuliko ya misitu ya pwani yetu, ambayo ni maarufu duniani kwa spishi zisizopatikana pengine popote. Mche wenye majani manne, bila ua wala tunda, ulioangushwa na ndege aliyekula katika msitu wa Zaraninge, unaweza kupewa jina la mmea wa bara jingine kwa ujasiri uleule ambao embe huitwa embe. Simu haivunji jani kuona utomvu, hainusi, na haijui kwamba mmea huu ulianza kuonekana baada ya samadi fulani kuletwa. Tofauti kati yake na malaika wa al-Baqara ni kwamba malaika walikiri mwisho wa elimu yao. Anayetumia simu inampasa akiri kwa niaba yake.

Tukizikusanya hoja zote, wajibu unakuwa mzito kadiri nguvu ya mkono inavyoongezeka. Aliye na vidole hung'oa mche mmoja, na akikosea hasara ni ya mche mmoja. Mwenye jembe husafisha tuta. Mwenye bomba la dawa ya kuua magugu, ambayo sasa huuzwa katika maduka ya pembejeo hadi vijijini, hunyunyizia ekari nzima kabla ya chai ya saa nne, pamoja na mchunga wa mboga, mlenda, mgagani na chochote kilichokuwa kinaota hapo bila kutajwa. Dawa hiyo inaweza kuwa halali na ya lazima pale penye kiduha kilichotambuliwa au shamba lililozidiwa, lakini inamfanya mtu atekeleze hukumu elfu kwa wakati mmoja, na nyingi kati ya hizo hakuna aliyezisikiliza. Hapo anawajibika zaidi kuliko babu yake aliyekuwa na jembe la mkono, kwa kuwa babu alilazimika kuinama karibu na kila mche, na kule kuinama kulimpa nafasi ya kuona. Sisi tuliopunguziwa kuinama hatukupunguziwa kuuliza, na anayeuliza kabla ya kunyunyiza atakuwa na jibu la kumpa jirani, mjukuu na Mola wake siku akiulizwa kwa nini aling'oa, au kwa nini aliacha.